Nywele za kipilipili: jinsi ya kuzitunza kwa maji kidogo, na wakati wa kwenda kituo cha afya

Watu wengi wenye nywele za kipilipili wamekua wakisikia kwamba nywele zao ni ngumu, ni kavu, hazikui, au zinatia aibu mbele za wageni. Wengine waliambiwa nyumbani, mama akiwa na kitana mkononi. Wengine waliambiwa shuleni, wengine saluni. Ukisikia maneno hayo tangu utotoni, unaanza kutumia pesa, muda na hata afya yako kupigana na kichwa chako mwenyewe.

Makala hii ni yako wewe mkimbizi, na ni yako pia wewe mwenyeji unayeishi jirani na makazi. Inaeleza kwa nini nywele zetu ziko hivi zilivyo, jinsi ya kuzitunza ukiwa na maji machache na pesa kidogo, mambo yanayoziharibu, na dalili ambazo zinapaswa kukupeleka kituo cha afya. Wanaume na wazazi pia wana sehemu yao humu.

Kwa nini nywele hizi hujikunja?

Kila unywele huota kutoka katika kishimo kidogo kilicho ndani ya ngozi ya kichwa. Kwa mtu mwenye nywele za singa, kishimo hicho kimenyooka na unywele hutoka ukiwa wa mviringo kama uzi. Kwa mtu mwenye nywele za kipilipili, kishimo kimepinda na unywele hutoka ukiwa bapa kidogo, kama ukindu. Ndiyo maana hujikunja mara tu unapotoka. Kitu kinachojenga unywele ni kilekile kwa watu wote duniani: protini iitwayo keratini. Tofauti ni umbo tu.

Umbo hilo lina matokeo mawili unayopaswa kuyajua, kwa sababu ushauri wote unaofuata unatoka hapo.

Tokeo la kwanza ni ukavu. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwenye unywele ulionyooka, mafuta hayo huteremka kwa urahisi hadi nchani. Kwenye unywele uliojikunja, hukwama karibu na shina, na ncha zinabaki kavu. Kwa hiyo nywele zako zinahitaji umsaidie mwili kufikisha unyevu na mafuta hadi mwisho wa unywele.

Tokeo la pili ni kukatika. Kila mahali unywele unapopinda ndipo penye udhaifu. Ukivuta kitana kwa nguvu kwenye nywele kavu, hukatika kwenye mikunjo hiyo.

Je, ni kweli kwamba hazikui? Hapana. Mtazame mtu aliyesuka rasta. Baada ya mwezi mmoja utaona nywele mpya zimelisogeza suko mbali na ngozi, kama sentimita moja hivi. Zinakua, ila zikiwa zinakatika nchani kwa kasi ileile zinavyoota shinani, urefu unabaki palepale mwaka hadi mwaka. Tena nywele hizi hujikusanya zikikauka: unywele wenye sentimita 20 ukiuvuta unaweza kuonekana kama una 10 au chini ya hapo ukiuachia.

Wazee wetu hawakuzionea haya

Kabla ya kuja kwa dawa za kunyoosha, watu wa ukanda huu walizipamba nywele hizi kwa ustadi mkubwa. Nchini Rwanda, wanaume na wasichana ambao hawajaolewa walinyoa na kuchonga nywele kwa mtindo wa amasunzu, wenye matuta yanayopinda kama mwezi mwandamo. Kaskazini mashariki mwa Kongo, wanawake wa Kimangbetu walizisuka nywele zikapanda juu na kutanuka kama sahani. Kule Turkana, ambako kambi ya Kakuma iko leo, wanaume walizishikanisha nywele kwa udongo na kuzipaka rangi. Wanawake wa Kisomali hadi leo huosha nywele kwa qasil, majani yaliyosagwa ambayo hutoa povu kama sabuni.

Mitindo hii ilitegemea nywele zinazojikunja na kushikamana. Amasunzu haiwezi kusimama kwenye nywele za singa. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema nywele hizi hazitengenezeki, ujue historia yetu inamkanusha.

Kuosha kichwa kwa lita tano

Viwango vya kimataifa vya misaada vinavyojulikana kama Sphere vinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku kwa ajili ya kunywa, kupika na usafi. Wengi wetu tunajua kwamba kuna siku kiasi hicho hakifiki. Habari njema ni kwamba nywele za kipilipili hazihitaji kuoshwa kila siku. Mara moja kwa wiki, au mara moja kwa wiki mbili, inatosha kwa watu wengi. Ukizizidishia sabuni, zinakauka zaidi.

Lita tano zinatosha kichwa cha mtu mzima mwenye nywele za urefu wa kati: lita moja ya kulowesha, mbili za kuosha na mbili za kusuuza. Fuata hatua hizi:

1. Gawanya nywele mafungu manne na kila fungu ulisokote au ulifunge peke yake. Utashughulikia fungu moja baada ya jingine, na nywele hazitasongamana upya.

2. Kama una mafuta ya nazi, paka kidogo nusu saa kabla ya kuosha. Mafuta ya nazi yana sifa ya kuingia ndani ya unywele, na hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha.

3. Lowesha kwa kikombe, kisha osha ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, usitumie kucha. Kama huna shampuu na unatumia sabuni ya mche au ya kipande, usiisugue moja kwa moja kwenye nywele. Tengeneza povu mikononi kwanza, ulipake kwenye ngozi, na uache povu litelemke lenyewe kwenye nywele. Sabuni ya kufulia ni kali na hukausha sana.

4. Suuza mpaka maji yatoke bila povu. Sabuni inayobaki kichwani huwasha na kuacha unga mweupe ambao watu wengi hudhani ni mba.

5. Chana nywele zikiwa bado zimelowa na zina kondishena au mafuta kidogo. Anza na vidole, kisha chanuo lenye meno mapana. Anza nchani, panda taratibu kuelekea shinani. Ukifika kwenye fundo, lifungue kwa vidole. Usichane nywele hizi zikiwa kavu kabisa.

6. Kausha kwa kuzibana na fulana kuukuu ya pamba. Usizisugue kwa taulo.

7. Zikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo kuanzia nchani, kisha suka misuko minne au sita mikubwa na uiache ikauke.

Katikati ya wiki, si lazima uoshe tena. Chukua chupa ndogo ya maji, toboa kifuniko chake kwa sindano ya moto matundu machache, unyunyizie nywele, kisha paka mafuta kidogo. Kikombe kimoja cha maji kinatosha.

Ukivaa hijabu au kilemba, hakikisha nywele zimekauka kabla ya kuzifunika. Kichwa kikifunikwa kikiwa kimelowa siku nzima, ngozi huwasha na kunuka. Usifunge kitambaa kwa kukaza kwenye paji la uso, na nyumbani ukiwa huru, kipumzishe kichwa.

Usiku, shuka na mto wa pamba hunyonya mafuta ya nywele na kuzisugua. Funga kichwa kwa kitambaa kinachoteleza. Huna haja ya kununua: mwombe fundi cherehani mabaki ya bitana ya suti au ya gauni.

Mafuta yapi yanafaa?

Mafuta hayaongezi maji kwenye unywele. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo yasitoke haraka. Kwa hiyo utaratibu ni maji kwanza, mafuta baadaye. Mtu anayepaka mafuta kila siku juu ya nywele kavu hulalamika kwamba bado ni kavu, na ana haki: ameuziba ukavu ndani.

Mafuta ya bei ghali hayana uwezo ambao mafuta ya kawaida hayana. Kule Kigoma yapo mafuta ya mise, yanayotokana na kokwa za michikichi. Kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini yapo mafuta ya shea, ambayo Waacholi huyaita moo yaa na Wasudan Kusini huyaita lulu. Pwani yapo ya nazi. Hata kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia ya alizeti hufanya kazi. Vaselini pia husaidia, ila paka kidogo sana, hasa maeneo ya vumbi kama Kakuma, kwa sababu hunata na kukusanya vumbi.

Tafadhali usiuze sehemu ya mgao wa chakula ili ununue mafuta ya "kuotesha nywele". Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mafuta ya nyonyo, maji ya kitunguu au mafuta mengine ya kupaka huongeza kasi ya nywele kuota. Yanaweza kulainisha na kupunguza kukatika, basi. Chakula ulichokiuza ndicho kingezisaidia nywele zaidi.

Kusuka bila kung'oa

Kusuka ni njia nzuri ya kulinda nywele. Misuko huficha ncha zisikauke na hukupa wiki kadhaa bila kuchana. Lakini msuko uliokazwa kupita kiasi hufanya kinyume chake. Unavuta mashina siku nzima na usiku kucha, na baada ya miezi au miaka, nywele za pembeni mwa paji la uso huanza kupotea.

Tatizo hili halikuanza kwetu, wala halitokani na aina ya nywele. Daktari mmoja alilieleza mwaka 1907 huko Greenland, kwa wasichana waliokuwa wakifunga nywele zao ndefu kwa kuzikaza juu ya kichwa. Lakini kwetu limekuwa la kawaida mno. Katika utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007, karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliopimwa alikuwa na upungufu wa nywele uliotokana na kuvutwa.

Jambo muhimu kuliko yote hapa ni muda. Ukiacha kuvuta mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, mashina hufa, ngozi inakuwa laini inayong'aa, na hapo hazirudi tena. Kwa hiyo chukua hatua ukiona dalili hizi:

- Kichwa kinauma baada ya kusuka mpaka unameza dawa ya maumivu. Maumivu hayo si gharama ya urembo, ni onyo.
- Vipele vidogo au usaha kwenye mashina ya misuko.
- Nywele fupi zilizokatika, au mstari wa nywele unaorudi nyuma juu ya masikio.

Mwambie msusi alegeze kabla hajamaliza. Wewe ndiye mwenye kichwa na ndiye unayelipa. Wewe msusi nawe, kumbuka kwamba mteja ambaye nywele zake zimeisha pembeni hatakuwa mteja wako tena. Misuko mikubwa huvuta kidogo kuliko midogo sana. Rasta ndefu na nzito huvuta zaidi kuliko fupi. Usikae na msuko mmoja zaidi ya wiki sita hadi nane, na ukifumua, acha kichwa kipumzike wiki moja au mbili kabla ya kusuka tena. Usisuke rasta juu ya nywele zilizotiwa dawa siku chache zilizopita.

Kusuka kwa uzi, kama bibi zetu walivyofanya, bado ni njia nzuri: hunyoosha nywele bila moto wala dawa, mradi uzi usikazwe shinani.

Dawa ya kunyoosha: ujue unachopaka

Katika makazi mengi kuna vikundi vya wanawake vinavyotengeneza sabuni. Kama umewahi kuwa katika kimoja, unaijua kostiki soda: unavaa glovu, unakaa mbali na mvuke, unawaondoa watoto. Dawa nyingi za kunyoosha nywele zimetengenezwa kwa kostiki hiyohiyo, ikiwa imepunguzwa makali na kuchanganywa na krimu. Zile zinazouzwa kwamba hazina kostiki hutumia kemikali nyingine za jamii hiyo ambazo nazo ni kali.

Dawa hiyo huvunja vifungo vya ndani vinavyoupa unywele mkunjo. Vikishavunjika, havirudi. Unywele umenyooka, lakini umedhoofika, na nywele mpya zinazoota chini yake bado zina mkunjo. Ndiyo maana unalazimika kurudia kila baada ya wiki kadhaa. Ikikaa muda mrefu au ikipakwa kwenye ngozi yenye kidonda, inaunguza. Kovu likishaota kichwani, pale hapaoti nywele tena.

Kuna pia swali la afya ya muda mrefu. Mwaka 2022, watafiti wa taasisi za afya za Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Kwa wanawake ambao hawakuwahi kutumia bidhaa za kunyoosha, walikadiria kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja, makadirio yalikuwa asilimia 4.05. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo inayosababisha, na wengi wa waliotumia hawakupata saratani. Lakini ni sababu nzuri ya kupunguza au kuacha. Baadhi ya bidhaa za kunyoosha kwa moto hutoa formalini, ambayo imewekwa tangu mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ukisikia harufu kali inayochoma macho saluni, toka nje.

Kama bado unaamua kuitumia, huo ni uamuzi wako. Jilinde: usiitie mtoto, usiitie kichwa chenye kidonda au kilichokunwa, mtu anayepaka avae glovu, hakikisha maji ya kusuuza yapo tayari kabla ya kuanza, na ikianza kuchoma, isuuzwe papo hapo hata kama nywele hazijanyooka. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi na uende kituo cha afya. Kamwe usijaribu kujitengenezea dawa kwa kostiki ya sabuni.

Ukitaka kuacha dawa

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kunyoa au kukata zote zilizonyooshwa na kuanza upya. Ni rahisi, haina gharama, na inaokoa maji kwa miezi mingi. Ya pili ni kuacha nywele mpya ziote huku ukikata ncha zilizotiwa dawa kidogo kidogo. Hii inahitaji subira, kwa sababu mahali unywele mpya unapokutana na uliotiwa dawa ndipo penye udhaifu kuliko pengine pote. Usichane kwa nguvu hapo. Misuko mikubwa iliyolegea husaidia katika kipindi hiki.

Kwa sentimita moja hivi kwa mwezi, baada ya mwaka utakuwa na nywele za kutosha kusuka mtindo wowote. Miezi ya mwanzo watu watasema. Wengine watakuuliza kama unaumwa au umefiwa. Huna deni la kumweleza kila mtu.

Dalili ambazo si za nywele

Wakati mwingine nywele ni mjumbe tu: shida yenyewe iko mwilini. Hapa ndipo mtu anapochelewa kwa kubadilisha mafuta kila wiki, au kwa kuamini kwamba amerogwa.

Nywele zinanyonyoka nyingi kichwa kizima. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Lakini miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, njaa, upasuaji au mshtuko mkubwa, nywele zinaweza kuanza kutoka kwa wingi. Wengi waliokimbia vita wamepitia hali hiyo: safari imekwisha, umefika salama, ndipo nywele zinaanza kuanguka. Mwili ulisimamisha kazi ya nywele ili uokoe maisha yako. Kwa kawaida zinaacha kunyonyoka ndani ya miezi sita, na hurudi. Kina mama waliojifungua nao hupata hali hii, kwa kawaida kuanzia mwezi wa tatu hivi. Kama haikomi, au unahisi uchovu na kizunguzungu, nenda ukapimwe damu.

Nywele za mtoto zinabadilika rangi. Nywele zikiwa nyekundu au za hudhurungi, nyembamba, na zinang'oka bila maumivu ukizivuta, hiyo inaweza kuwa dalili ya utapiamlo. Miguu ikivimba, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke mtoto siku hiyohiyo.

Mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, yenye magamba. Hayo huwa ni mapunye, fangasi wanaowapata watoto wengi. Krimu ya kupaka peke yake haitoshi, kwa sababu fangasi wameingia ndani ya shina. Inahitajika dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa wiki kadhaa kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Usiikatishe kwa kuona nywele zimeanza kuota. Usichangie kitana, kofia wala mashine ya kunyolea.

Chawa. Wanampata mtu yeyote, msafi na mchafu, kwa kugusana vichwa. Usipake mafuta ya taa wala petroli: mtoto anaweza kuungua kwa cheche moja ya jikoni, na sumu hupita kwenye ngozi. Nyoa, au lowesha nywele, paka mafuta na uchane kwa kitana chenye meno ya karibu kila baada ya siku chache kwa wiki mbili, au uliza dawa kituoni.

Kwa wanaume: wembe na mashine chafu za kinyozi zinaweza kusambaza fangasi, na penye damu, homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI. Dai wembe mpya, na mashine ifutwe kwa spiriti mbele yako. Ukipata vipele vigumu kisogoni, acha kunyoa hadi kwenye ngozi na umwone mhudumu wa afya kabla havijawa makovu.

Nchini Uganda, vituo vya afya vilivyo ndani ya makazi huwahudumia wakimbizi na wenyeji pia. Kama hujui uanzie wapi, muulize mhudumu wa afya wa jamii katika kijiji au bloku yako.

Watoto, shule na maneno tunayosema

Shule nyingi katika nchi zetu hutaka wanafunzi wanyoe au wapunguze nywele. Ulizia kanuni za shule kabla ya kumsuka mtoto, usije ukapoteza pesa. Nywele fupi nazo zinahitaji maji na mafuta kidogo, na kichwa kilichonyolewa kinahitaji kukingwa na jua kali.

Kuna maamuzi ya mahakama ambayo ni vizuri kuyajua. Mwezi Septemba 2019, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba shule ilikosea kumfukuza mwanafunzi wa imani ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake zilizosokotwa. Mwezi Mei 2023, Mahakama Kuu ya Zomba nchini Malawi iliamua vivyo hivyo kwa ajili ya watoto wa Kirastafari katika shule za serikali. Maamuzi hayo yalihusu haki ya imani na ya elimu, kwa hiyo hayafuti kanuni zote za nywele shuleni. Lakini yanasema jambo zito: nywele za mtoto zisiwe sababu ya kumnyima darasa. Kama mtoto wako amerudishwa nyumbani kwa sababu hiyo, usikae kimya. Zungumza kwanza na mwalimu mkuu, kisha na kamati ya shule, kisha na ofisi ya ulinzi au ya elimu katika makazi.

Nyumbani, kazi ni yetu wazazi. Mtoto anayechanwa nywele kavu kila Jumapili huku akilia na kutukanwa kichwa chake, hujifunza kwamba kuna kitu kibaya alichozaliwa nacho. Mlowesheshe nywele kwanza. Anza nchani. Mpe mapumziko mkono wako ukichoka. Na badala ya kumwambia "nywele zako ngumu", mwambie ukweli: "Nywele zako zina kiu, ngoja tuzinyweshe." Utaona hata kilio kinapungua, kwa sababu nywele zilizolowa haziumi kama kavu.

Wiki hii, kabla hujatoa shilingi moja sokoni, jaribu mambo matatu tu: lowesha kabla ya kuchana, paka mafuta nywele zikiwa na unyevu, na mwambie msusi alegeze. Fanya hivyo kwa miezi mitatu kisha ujiangalie kwenye kioo, hasa pembeni mwa paji la uso. Ukiona nywele fupi mpya zinachomoza hapo, ziache zikue.